Mume wangu ni wa ambulansi. Ushauri nasaha wa kazini umekwisha kwa saa mbili, na sisi wa nyumbani je?

#1 Mke_wa_Zamu

Assalaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo nyote.

Nyumbani kwetu Kisauni, hapa Mombasa, tuna bomba moja uani. Mume wangu hutia udhu pale, nami humsikia nikiwa jikoni. Baada ya miaka kumi na moja ya ndoa naujua mlio wa udhu wake kama ninavyoujua mlango wangu. Tangu Idd mlio umebadilika. Akifika usoni bomba lafungwa. Achovya vidole kwenye kopo, apitisha usoni haraka kama anayejipaka mafuta, kisha afungua tena na kuendelea na mikono. Nilidhani abana maji, maana huku kwetu siku nyingi maji ni ya kununua kwa mitungi.

Siku ile ya Idd alikuwa zamu. Wenyeji mwajua ufuo wa Pirates unavyojaa siku ya Idd, watu kama siafu, watoto majini na nguo zao mpya. Walipigiwa simu wakakuta mtoto ameshatolewa majini, amelazwa mchangani. Mume wangu alimpiga kifua na kumpulizia, akampiga na kumpulizia, mpaka mwenzake akamwambia basi. Maji ya chumvi yalikuwa yakimtoka yule mtoto kinywani yanamrukia yeye usoni na machoni. Mama wa mtoto alikuwa nyuma yake amemshika shati.

Haya yote nimeyajua wiki tano baadaye, tena kutoka kwa mwenzake. Jioni ile alirudi nyumbani, akala biriani pamoja nasi, akawapa watoto Idd yao, akacheka. Shati lilikuwa limechanika kuanzia kola mpaka katikati ya mgongo. Nilitia uzi kwenye sindano nikalishona, nikalifua, nikalianika. Sikumuuliza limechanikaje. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa halali. Akisinzia ashtuka na mikono yaenda, yapiga godoro. Watoto wakisogelea ndoo uani awapigia kelele ambazo hajawahi kuwapigia. Yule wa kati, ana miaka minane, aliniuliza juzi, "Mama, baba amenikasirikia nini?" Mama mkwe asema ni jini la bahari, ataka apelekwe akapungwe. Marafiki zake wamwambia muguka, yale majani ya kutafuna, utamtuliza.

Kazini kwao, wiki moja baada ya tukio, waliketishwa wote chumba kimoja na bosi wao akiwa mle mle. Wakaambiwa kila mmoja asimulie alichokiona. Mmoja alilia, na tangu siku hiyo wenzake wamempa jina la utani ambalo siwezi kuliandika hapa. Mume wangu alisema "niko sawa", akatia sahihi kwenye karatasi. Saa mbili, kwisha.

Mimi hakuna aliyeniuliza neno, na mimi ndiye ninayekuwa naye saa tisa za usiku. Naomba walio na mume, mke, baba au mtoto kwenye kazi hizi, ambulansi, zimamoto, uokoaji wa baharini, polisi, mnieleze: mlifanyaje? Kuna mahali familia inapokelewa?

#2 Simba_wa_Makupa

Pole dada. Lakini tuseme ukweli, kazi hii mtu huichagua. Wazee wetu waliona makubwa kuliko haya na hawakuenda kwa washauri. Mwanamume huvumilia. Akizoea atakuwa sawa.

#3 Mzee_Mtongwe

Mwanangu hapo juu, mimi ni mmoja wa hao wazee unaowataja, kwa hivyo niache niseme nilivyovumilia.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati, watu wakienda makazini kisiwani. Watu 272 walikufa. Nilikuwa na mtumbwi na mapafu mazuri, tukaingia majini vijana wa pale bila kungoja kuitwa. Nilitoa watu. Wengi niliowatoa walikuwa wameshakwenda. Kuna mmoja alikuwa fundi wangu wa viatu. Nilimtambua kwa mkono kabla sijaona uso.

Baadaye tulipewa soda. Nakumbuka ilikuwa soda ya machungwa. Tukarudi nyumbani.

Nilivumilia hivi. Miaka mitatu sikula samaki, na mimi ni mvuvi. Mke wangu wa kwanza alirudi kwao Vanga, akasema anaishi na mtu asiyekuwepo, na alikuwa na haki. Mwanangu mkubwa hajui kuogelea kwa sababu nilimkataza bahari, mtoto wa Mtongwe, mpaka wenzake wakamcheka. Sijasimama upande wa maji kwenye feri tangu mwaka ule. Naingia katikati, naangalia miguu yangu. Daraja la Dongo Kundu lilipofunguliwa, mtu akaweza kuvuka bila feri, nilifurahi kuliko mtu yeyote huku kusini, na sikumwambia mtu sababu yake. Leo ndiyo naisema.

Kwa hivyo, mwanangu, nilivumilia. Waliolipa ni wale waliokuwa nyumbani kwangu.

#4 Mke_wa_Zamu

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nikaacha chapati ikaungua. Mungu akulipe kwa wale uliowatoa.

Ndugu Simba, sikukasirikii, najua wasema tulivyolelewa. Lakini mume wangu ana miaka saba kwenye ambulansi. Ameona ajali za trela Mazeras, ameona mengi, na alizoea. Hili halikuzoeleka. Nadhani ni kwa sababu mtoto yule alikuwa wa umri wa mtoto wetu, na ilikuwa siku ya Idd.

#5 Mshauri_Tudor

Dadangu, mimi ni mshauri nasaha, niko hapa Mombasa, na sitaji ofisi yangu kwa sababu sikuja kutafuta wateja. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Kwanza, anayoyaona mume wako yana maelezo. Mwili uliokuwa katika hatari hubaki kwenye ulinzi hata hatari ikiisha. Usingizi hukatika, picha hurudi zenyewe, na mtu hukwepa kila kinachokumbusha tukio, kwa mume wako ni maji usoni. Wiki za mwanzo hali hii huwapata watu wengi na wengi hupona kwa kupumzika na kuwa na watu wao. Ikipita mwezi na bado inavuruga usingizi, kazi na nyumba, hapo ni kiwewe kinachohitaji matibabu. Wewe umeshapita wiki tano. Usingoje tena.

Pili, kile kikao cha saa mbili. Mtindo wa kuwakusanya waokoaji wasimulie ulianzishwa Marekani mwaka 1983 na Jeffrey Mitchell, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa zimamoto, na yeye aliuweka kama kipande kimoja cha mpango mrefu. Watu wakakichukua kipande wakaacha mpango. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie hakizuii kiwewe, na wengine huwazidishia. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Mwongozo wake wa mwaka 2011 wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia una mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama usalama wake na mahitaji yake, msikilize kama anataka kusema bila kumchimba, muunganishe na watu wake na huduma. Wala hakuna haja ya bosi chumbani. Mtu hawezi kulia mbele ya anayepanga zamu zake.

Yanayotibu yapo. Kuna tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe, mtu hulirudia hatua kwa hatua na mtaalamu mpaka lipoteze makali. Kuna nyingine ambapo mgonjwa hukumbuka tukio huku akifuata mwendo wa mkono wa mtaalamu kwa macho. Zote mbili zinapendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kiwewe, na ni za wiki kadhaa. Anayekuambia atakumalizia kwa siku moja, muulize leseni yake. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, na mshauri halali amesajiliwa.

Tatu, na hili ndilo ulilouliza. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, 7 Agosti 1998, walipokufa watu 213 pale mjini, Daktari Frank Njenga na wenzake waliwahoji watu zaidi ya elfu mbili na mia nane. Utafiti ulichapishwa mwaka 2004. Asilimia 35 walikuwa na dalili za kiwewe. Katika mambo yaliyoendana na kuumwa, pamoja na kujeruhiwa na kufiwa, lilikuwemo hili: kutokuwa na rafiki wa kumweleza yaliyo moyoni. Nikisoma pale huwa nawaza wake na waume wa waokoaji. Ninyi ndio rafiki aliye karibu, na hakuna anayewafundisha kupokea wala kuwapumzisha. New York, kikosi cha zimamoto kilichopoteza watu 343 siku moja, 11 Septemba 2001, kina kitengo cha ushauri kinachopokea pia familia zao na wastaafu. Si jambo la ajabu. Yataka kuamuliwa tu.

Sasa ya kufanya leo usiku. Usimuulize "uliona nini". Muulize "umelala vipi". Akishtuka usingizini usimshike kwa ghafla. Mwite jina kwa sauti ya chini, washa taa, mwambie yuko wapi: uko nyumbani, Kisauni, mimi ndimi. Yule mtoto wa kati aambiwe kweli, kwa maneno ya umri wake: baba aliona jambo la huzuni kazini, linamfanya ashtuke karibu na maji, wewe hukukosa, na kuna watu wanamsaidia. Mtoto asipopewa sababu hujitungia, na mara nyingi hujitia yeye kuwa ndiye sababu.

Na wewe ujipatie wako wa kuzungumza naye. Ukiwa huna pa kuanzia, piga 1199, ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Wao walikuwepo msitu wa Shakahola mwaka 2023, miili ya wafuasi wa yule mhubiri ilipofukuliwa, kwa familia na kwa waliokuwa wakifukua.

Ikiwa ataanza kuzungumzia kufa, au kugawa vitu vyake, au kunywa kupita kiasi, usimwache peke yake na utafute msaada siku hiyo hiyo. Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo semeni.

#6 Binti_wa_Askari

Marehemu babangu alikuwa polisi wa trafiki, barabara ya Nairobi, kati ya Mariakani na Samburu. Polisi watu huwasahau wakitaja waokoaji, lakini ajali ikitokea usiku maporini, wa kwanza kufika mara nyingi ni wao, na tochi.

Alikuwa akirudi hapiti mlangoni na viatu. Aliviosha mwenyewe nje, na mswaki, kwa muda mrefu sana, hata kama ni saa kumi za usiku. Hatukuruhusiwa kuvigusa. Mimi nilikuwa nikiamka kwa ule mlio wa mswaki, nafurahi kwamba baba amefika, lakini najua nisitoke mpaka uishe. Ukiwa mrefu, kesho yake hatutamsemesha. Ukiwa mfupi, tutapata mahamri.

Tulikuwa watoto wanne, sote twaupima mswaki. Hakuna aliyetuambia kitu. Nina miaka thelathini na nane sasa na mtu akinyamaza nyumbani kwangu nahisi nimekosa. Mwambie mwanao, dada. Mwambie leo.

#7 Nesi_Kazualti

Nafanya kazi kazualti, hospitali sitaitaja. Nawaona hawa wa ambulansi kila siku. Wanatuletea mgonjwa, wanatia sahihi, wanapangusa kitanda kwa dawa, simu inalia, wanaondoka. Hawajui mwisho. Yule mama aliyejifungulia ndani ya gari akafika akivuja damu, alipona? Mtoto alipona? Wanabaki na nusu ya hadithi, na nusu ya hadithi ni nzito kuliko nzima.

Nimeanza kazoea kadogo. Wakirudi tena nawaambia kwa kifupi, bila jina wala siri ya mgonjwa: yule wa jana yuko wadi, ameamka. Au: hatukumuweza, lakini mlimleta akiwa hai, na mkewe alimwahi. Kuna dereva mmoja mtu mzima aliniambia ni mara ya kwanza kwa miaka kumi na minne kuambiwa. Alisimama pale na glovu mkononi kwa muda kidogo, kisha akaenda zake.

Dada, na mimi pia nina mume nyumbani. Yeye ndiye anayenipokea. Sikuwahi kufikiri yeye anampa nani.

#8 Pwani_Tulivu

Swali kwa mshauri: na mtu akiogopa kwamba akienda kutibiwa kazini watajua, watamwondoa kwenye gari? Kakangu ni zimamoto na hiyo ndiyo hofu yake. Pia ukitaja daktari wa akili, watu wa hapa mawazo yao yakimbilia Port Reitz, hospitali ya wagonjwa wa akili, wasema umeshakuwa mwendawazimu.

#9 Mshauri_Tudor

Hofu ya kweli. Mshauri aliyesajiliwa analindwa na kubanwa na usiri. Haruhusiwi kupeleka habari zako kwa mwajiri bila idhini yako, isipokuwa kuna hatari ya maisha, yako au ya mwingine. Kama mshauri analipwa na mwajiri, kabla hujakaa muulize waziwazi: ripoti yangu inakwenda kwa nani, na ina nini ndani? Akijikanyaga, tafuta mwingine. Wengi huanza nje ya kazi kwa sababu hiyo, nami nawaelewa.

Kuhusu Port Reitz, anayekwenda hospitali kwa shinikizo la damu hakuna anayemhesabu kuwa amekufa. Kakako mwambie aanze na mazungumzo. Wengi hawafiki hata kwenye dawa.

Na mama mkwe, dada, usigombane naye. Ameona mwanawe amebadilika tangu siku ya bahari, na ameona sawasawa. Jina alilolipa ndilo tunalotofautiana. Mchukue awe upande wenu. Mwachie dua, nawe uchukue miadi.

#10 Maalim_Bondeni

Naongeza moja kwa Waislamu wenzangu. Tumeamrishwa kutafuta dawa. Mtu alifundishwa amfunge ngamia kisha atawakali, na ushauri ni katika kufunga ngamia. Kuhusu udhu, shemeji asione haya kumwendea maalim wake amweleze hali. Dini ina nafasi kwa mwenye udhuru. Nina wasiwasi zaidi kwamba amebeba ule uso wa mtoto kila sala, mara tano kwa siku, na yuko peke yake.

#11 Simba_wa_Makupa

Nimesoma yote. Mzee wangu, niwie radhi. Babangu alikuwa kwenye mitumbwi ile ile ya Mtongwe. Alikuwa mkali sana kwetu, nami nimesema maisha yangu yote kwamba ndivyo alivyoumbwa. Sasa nataka kukuuliza kama ulimjua, ila si hapa. Nitakuandikia faraghani.

#12 Mzee_Mtongwe

Niandikie, mwanangu. Nipo.

#13 Mke_wa_Zamu

Narudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa, kwa sababu baadhi yenu mmeniuliza.

Nilipiga 1199 mwenyewe kwanza, mume akiwa zamu, nimejifungia chumbani na feni imewashwa ili watoto wasisikie. Nilidhani nitamwelezea mume wangu. Yule dada wa kwenye simu akaniuliza mimi nalala saa ngapi. Nikashindwa kujibu, nikalia tu. Hakunikatiza.

Kisha usiku mmoja nililitoa lile shati kabatini. Sikumuuliza kuhusu bahari. Nilimwambia, "Hili nililishona siku ya Idd na sikukuuliza. Nisamehe." Aligeuza kola akapitisha kidole kwenye mshono wangu kwa muda mrefu. Akasema, "Alikuwa ananivuta nyuma. Mimi nadhani alitaka nimwache mtoto apumzike, nami sikuacha." Hayo tu. Akalikunja yeye mwenyewe.

Ameenda mara mbili sasa kwa mshauri, wa kujitafutia, nje ya kazi. Mara ya kwanza niliingia naye. Mama mkwe alikuja mpaka mlangoni akakaa nje na tasbihi yake, na mshauri alipotoka alimsalimia kwa heshima, akamuuliza mwanawe alikuwa mtoto wa namna gani. Mama alisema naye nusu saa. La kupungwa hajalitaja tena wiki hii.

Wa kati tumemwambia, kwa maneno yale yale ya Mshauri. Aliuliza swali moja: "Yule mtoto alikuwa anaitwa nani?" Babake akasema hajui. Mtoto akasema basi tumwombee bila jina, na wakaomba.

Udhu bado ni wa kopo. Usingizi umerudi siku nyingine, siku nyingine hapana.

Wake watatu wa wenzake wameniandikia baada ya kusoma uzi huu, wamejua ni mimi kwa lile shati. Tumekubaliana tukutane kwangu Jumapili alasiri, watoto wacheze uani, nitapika viazi karai. Mshauri wetu amekubali kuja kukaa nasi saa moja. Kama kuna mwingine wa Kisauni, Bamburi au Mtopanga ambaye mtu wake yuko kwenye kazi hizi, aniandikie faraghani nimuelekeze nyumba. Mume akikataa kuja, njoo wewe.

Na Nesi, mlete mume wako.